Mpira wa Rejeta na Utomvu wa Ndizi

Mpaka leo nikisikia harufu ya samli inayoungua, sifikirii chakula kwanza. Naona boneti iliyo wazi, imezuiwa kwa fito isijifunge, na baba yangu ameinama ndani yake hadi visigino vinaacha ardhi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Tulikaa Nyakatuntu, nyumba yetu ikiwa katikati ya kibanja cha migomba na mibuni, imezama humo kiasi kwamba mgeni alisikia kelele zetu kabla hajaona bati. Gari lilikuwa pikapu ya buluu, kuukuu, la kwanza na la mwisho kwa Tata, kama tulivyomwita baba. Alilipenda kupita kiasi. Kila jioni alilipangusa kwa kitambaa ambacho Mama alikuwa akikitafuta jikoni, na hakuruhusu fundi yeyote aliguse, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayejua kupogoa mbuni hawezi kushindwa na injini. Sijui mbuni na injini vilikutana wapi kichwani mwake, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, vumbi limejaa barabarani, na Shangazi Kemilembe, mdogo wake Tata, alikuwa anaolewa Jumamosi katika kanisa la kule Bugomora. Upande wa bwana harusi walikuwa wametuma ujumbe kwamba wangeleta gari la kumchukua. Tata aliwajibu kwamba wasijisumbue, bibi harusi ana kaka, na kaka ana gari. Aliyasema hayo mbele ya watu, kifua mbele, na wajumbe wakaondoka nayo. Jumatano, akitoka kuazima viti, gari likachemka mlimani na kutoa mvuke, likarudishwa nyumbani kwa kusukumwa huku viti vikigongana nyuma. Fundi wa pikipiki aliyesaidia kusukuma alimweleza kwamba ndani ya njia ya maji kuna kidude kinachofunguka injini ikipata moto, na chake kimeganda kikiwa kimefungwa. Akikitoa, maji yatapita na gari litatembea. Ili kukifikia, achomoe kwanza mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Kazi ya nusu saa, fundi alisema, akaenda zake.

Tata alianza Alhamisi asubuhi akipiga mluzi. Alilegeza klipu kwa bisibisi, akaushika mpira, akavuta. Haukusogea. Akauzungusha, akaumwagia maji ya moto, akaweka mguu kwenye bampa na kuvuta tena mpaka shati likapasuka kwapani. Mluzi ulikwisha kabla ya saa nne. Majirani wawili waliokuja kusalimia wakageuka washauri, mmoja akitaka apige nyundo, mwingine akitaka akate kwa kisu. Kupiga nyundo haikuwezekana, kwa kuwa shingo ya bomba ilikuwa ya aluminiamu na ikipasuka basi gari limekufa. Kukata pia haikuwezekana, maana mpira wa aina ile haukupatikana Kyerwa wala Karagwe, ingebidi kuutafuta Bukoba, na Jumamosi isingesubiri. Ilikuwa lazima utoke mzima. Ijumaa asubuhi ulikuwa bado pale pale, na Tata alikuwa ameacha kula. Shangazi, nywele zimesukwa nusu, alitoka barazani akamtazama kwa muda mrefu.

"Kaka, nitapanda bodaboda na shela langu," akasema. "Lakini ukifika kanisani, usikae mbele."

Alisema kwa upole, bila hasira, na nadhani ndiyo maana ilimuuma Tata kuliko kama angefoka. Nilimhurumia sana. Nilimhurumia na Shangazi pia, kwa sababu nilijua vumbi la barabara ile linavyofanya kitambaa cheupe.

Mimi wakati huo nilikuwa na kazi yangu. Tangu alfajiri tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko, Mama, mimi na wanawake wa jirani, tukimenya ndizi za wageni. Kwetu siku hizo mwanaume hakushika kisu cha kumenyea. Alipanda mgomba, aliupalilia, aliukata mkungu na kuuleta hadi mlangoni, na hapo kazi yake ikaisha. Kwa hiyo wanaume waliufahamu utomvu ukiwa bado majimaji, unaochuruzika shambani. Sisi tuliufahamu ukishakauka, ulivyo mweusi, unavyong'ang'ania kwenye mistari ya vidole na kuingia chini ya kucha. Ndiyo maana kabla ya kumenya tulijipaka samli viganjani, na mtoto aliyesahau, kama mimi siku ile kwa haraka ya harusi, alibaki na mikono ya kutisha.

Nilipelekwa kumpa Tata uji. Nikauweka kwenye bampa, nikachungulia ndani, na pale mpira ulipokutana na bomba nikaona ukanda mweusi unaong'aa, umepasukapasuka. Nikatazama vidole vyangu. Nikatazama tena ule ukanda. Ulikuwa kitu kile kile.

"Tata," nikasema, "hapa pana utomvu wa ndizi."

Aliuchukua uji, akanywa wote, akafuta midomo, kisha akaanza kucheka peke yake, kwanza taratibu, halafu mpaka akashikilia boneti. Mwaka mmoja nyuma, akiwa safarini huko Ndama, mpira ule ulikuwa ukivuja. Aliingia kwenye kibanja cha mtu kwa ruhusa, akakata jani la mgomba, akapaka utomvu pande zote, akarudishia na kukaza klipu. Haukuvuja tena. Sisi nyumbani alituambia ametumia gundi maalumu ya magari. Joto la injini likaupika ule utomvu miezi yote hiyo, na siku mbili alikuwa akipigana na kazi ya mikono yake mwenyewe bila kuitambua.

Mama alipoitwa hakumcheka mbele ya majirani, na hilo nalikumbuka kwa heshima. Aliwaaga kwanza. Walipopotea kwenye migomba akamwambia Tata, "Leo umekuja mwenyewe jikoni kwetu," kisha akaenda kupasha samli. Akanipa kisu chake cha kumenyea, kilichonolewa miaka mingi hadi kikawa chembamba na kifupi, ncha yake butu. Mkono wa Tata haukuingia vizuri pale, wangu uliingia. Nilidondosha samli ya moto kwenye ukanda ule, nikangoja ilowe, nikapenyeza kisu chini ya ukingo wa mpira na kuuzunguka polepole, kama tunavyofungua ganda bila kuumiza ndizi. Samli ikafuata kisu. Tata alisimama kando ameshika kikombe cha samli kwa mikono miwili, na kila nilipomnyooshea kiganja alinisogezea. Mzunguko wa tatu, Mama akasema nisivute, nizungushe tu. Nikazungusha. Mpira ukageuka kidogo, ukageuka tena, ukatoka na kumwaga maji ya kutu miguuni mwa Tata. Aliunyanyua juu, mzima, hauna hata mkwaruzo, akaita jina la dada yake mara tatu. Jioni ile alikitoa kile kidude, akaurudishia mpira na kukaza klipu.

Jumamosi Shangazi alifika Bugomora akiwa mweupe vile vile, amekaa mbele na kaka yake, sisi nyuma tumekula vumbi kwa furaha. Tatizo lilikuwa moja. Injini ilipopata moto, samli iliyobaki pale ikaanza kukaangika, na gari la bibi harusi likaingia uwanja wa kanisa likinukia jikoni. Wazee wa upande wa pili walizunguka nyuma ya pikapu wakitafuta sufuria. Tata aliwaambia kwa uso mkavu kwamba kwetu hatupeleki binti mikono mitupu.

Sasa nina gari langu, na mipira ikikaidi nampelekea kijana wa gereji mwenye koleo maalumu; anamaliza kabla sijamaliza soda. Ni vizuri, sitamani kurudi kwenye siku zile mbili. Pikapu iliuzwa vipande zamani. Mama mikono yake imekazwa na maradhi ya viungo, kisu hakishiki tena. Nilipokwenda likizo iliyopita nilimsalimia Shangazi barabarani, nikapita moja kwa moja nyuma ya nyumba, na hapo nikamkuta Tata kwenye kigoda cha Mama, beseni la ndizi mbele yake, kile kisu kifupi mkononi. Alikuwa anamenya ovyo, akipoteza nusu ya ndizi, na Mama kando yake akimsimamia. Nikamwamkia, shikamoo Tata. Alikiweka kisu chini, akanionyesha viganja vyake vyote viwili vinavyong'aa kwa samli, ili nione kwamba hakusahau.