Mke wa Njia ya Mizinga

Najua mimi ni muongo. Darasa zima linajua. Lakini hili silitungi. Ningekuwa natunga, ningejipa ujasiri zaidi.

Pale mtaani Makanyagio mama muuza maandazi akiniambia "karibu mpenzi", mimi namwonyesha andazi kwa kidole, nalipa, naondoka. Anadhani naringa. Wewe sikiliza, halafu uniambie kama naringa.

Likizo ya Juni, mwaka tisini na sita, nilikuwa kwa bibi yangu Ugalla. Bibi Nyamizi alikuwa ananiita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Mume wangu, kuni zimeisha. Mume gani wewe, kula tu?" Nami namjibu, "Mke wangu, ugali wako una mawe, nakurudisha kwenu." Tunacheka mpaka majirani wanachungulia. Mume wake wa kweli, yaani babu, simjui. Aliingia porini kurina asali kabla sijazaliwa, hakurudi.

Siku moja akanipa kibuyu cha togwa nimpelekee mjomba kwenye kambi ya warina asali. Akasema, "Njiani ukiitwa mume na mtu usiyemjua, usiitike. Sema mke wako ni Nyamizi, upite."

"Mke wangu, wivu na uzee wote huo?"

Hakucheka.

Jua lilikuwa utosini nilipofika kwenye miti yenye mizinga ya nyuki. Kando ya njia ameketi bibi mmoja na mzigo wa kuni. Miguu yake haina vumbi hata chembe, wakati mimi vumbi limenifika magotini. Hilo nililiona, niamini. Ila mdomo wangu hauna breki.

"Mume wangu," akasema, "leo umechelewa."

"Nisamehe mke wangu. Nilikuwa kwa mke mdogo."

Pori likanyamaza. Unajua mahali pa mizinga palivyo mchana? Panavuma kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Pakazimika. Ndipo nikaona nyuki wanakwenda wapi. Walikuwa wanatua juu yake, polepole, mabegani, shingoni, mashavuni, mpaka kanga haionekani, naye amekaa ananitazama kwa macho mapole. Sijui nikueleze vipi. Hofu haikuja kwanza. Nilitamani kupiga magoti, mimi ninayesinzia kanisani.

"Nitwishe," akasema. "Twende kwetu."

Nikamtwisha. Mzigo haukuwa na uzito wowote, na ndani yake kulikuwa kunavuma. Akatangulia, akaiacha njia, na miguu yangu ikamfuata. Majani makavu chini yangu hayalii. Nikaiambia miguu isimame, ikakataa. Hapo sasa ndipo hofu ilipofika, na haikuja peke yake, ilikuja na ukoo wake wote.

Nikalikumbuka jina la bibi yangu. Lilinitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki.

"Mke wangu ni Nyamizi."

Akasimama. Hakugeuka.

"Nyamizi nilishamchukulia mmoja," akasema, bila ukali wowote. "Naye alinijibu kwa utani. Haya, rudi. Msalimie."

Nyuki wakavuma tena. Mbele yangu hakuna mtu, wala nyayo.

Sikufika kwa mjomba. Nilikimbia na togwa yake mpaka uani kwa bibi, nikamweleza yote. Aliposikia zile salamu alikaa chini, akafunika uso kwa kanga. Baadaye akauliza swali moja tu.

"Ulimwita mke?"

"Nilimwita."

Tangu siku hiyo nyuki hawaniumi. Mjomba ananipeleka kwenye mizinga bila moshi, na wenzangu wanaona ni bahati. Lakini jioni ile ile nilileta kuni, nikamtania bibi kama kawaida: "Mke wangu, kuni hizo."

"Asante, mjukuu," akasema. "Mume wa mtu sitaniani naye."

Nimejaribu likizo zote zilizofuata. Ananiita mjukuu.

Kwa hiyo wewe unayeitikia kila anayekuita mpenzi, mume, mke, muulize kwanza ni nani. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na haki ya kuniita mume wangu. Yuko hai, ananipakulia ugali, na haniiti tena.