Bwana Hubert na Choo cha Kigwena

Watu wenye kinyaa wapo, lakini Mama Sikujua alipitiliza. Na kazi aliyopata ndiyo hiyo: kupokea wageni kwenye mlango wa msitu wa Kigwena. Miaka kumi na moja, yeye mama wa Rumonge mjini, mjukuu wa watu wa Ujiji, amewapeleka kuona nyani, kisha akapita nyuma yao akiokota maganda, chupa, na vingine visivyotajika. "Wanakuja kuona pori, wanatuachia jaa," alikuwa akisema, na kufyonza.

Kilichomchoma zaidi ni wasichana wa shule moja ya Nyanza-Lac. Mwaka jana walikuja arobaini, choo hakuna, wakabana tangu asubuhi, hadi mmoja akajikojolea garini mbele ya wenzake. Mkuu wao, Madamu Eliana, alisema wazi: "Mama Sikujua, mupaka kuwe na choo, haturudi." Basi Sikujua akahangaika mwaka mzima. Akatafuta wa kuchimba shimo, akaomba saruji kwa wakamuaji wa mawese, sakafu akaisiliba mwenyewe. Jumamosi hii wasichana walikuwa waje.

Alhamisi akaja Bwana Hubert wa Bujumbura. Nani asiyemjua? Ndiye mwenye lile kundi la Watsapu la kupanga safari za mbuga, watu mia nane na zaidi. Rusizi nendeni asubuhi, Kibira mubebe koti, Ruvubu musiende na gari dogo. Sikujua alimsikiliza kila siku akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na kila neno aliliamini. Siku hiyo wenzake Hubert waliingia vichakani kujisaidia. Yeye, na suti yake ya kijivu, akakataa. Akaomba ufunguo wa choo. Sikujua akampa kwa mikono miwili.

Gari lilipoondoka, akaenda kufunga. Lahaula! Shimo liko palepale, na mtu mzima, msomi, amelikosa. Sakafu, ukuta, hata kitasa! Jamani, kitasa! Sikujua alitapika kwanza, ndipo akachota maji. Ndoo nne, na majivu, na mikono yake. Hakumwambia mtu. Mama yake alimlea hivyo: aibu ya mtu chooni husitiriwa, hata awe adui.

Ijumaa asubuhi sauti ya Hubert ikatoka kwenye simu, tamu kama kawaida. "Amahoro, wapendwa. Kigwena iko na miti mizuri, nyani wengi. Lakini choo, bwana, ni aibu tupu. Uchafu mupaka mulangoni. Wamama na watoto musiwapeleke."

Sikujua akasikiliza mara mbili. Nyani haoni kundule, sawa. Huyu aliliona vizuri, akamvisha mwenzake! Kinyaa cha jana kilimshika puani, hiki kilimshuka hadi rohoni. Kabla hajaiweka simu chini, ikalia. Eliana.

"Mama, nimesikia kundini. Siwezi kuwaleta watoto waaibike tena. Tunaacha."

"Madamu, choo iko safi! Njoo uangalie mwenyewe!"

"Bwana Hubert adanganye ili apate nini, mama? Unisamehe." Akakata.

Sikujua akakaa kwenye gogo. Kusema ni kumvua mtu nguo mbele ya watu mia nane. Kunyamaza ni kuwafungia wasichana mlango. Akamwomba mama yake radhi huko aliko, akabonyeza pa kurekodi, akanena kundini kwa adabu zote:

"Amahoro, Bwana Hubert. Ni mimi Sikujua wa Kigwena. Jana choo kilifunguliwa mara moja tu, na ufunguo nilikupa wewe. Ulichoacha nilikiosha kwa ndoo nne, nikanyamaza, sababu kwetu mutu anasitiriwa. Ungenyamaza na wewe, ningekufa na siri yako. Asante, murakoze."

Kundini mmoja akacheka, wa pili, wa hamsini. Wakamtania Hubert mpaka kazini kwake, mpaka kwa mkewe, ambaye naye alikuwa humo kundini. Hubert akafuta maneno yake, akatoka bila kuaga.

Eliana akapiga tena. "Kesho saa tatu tuko hapo, mama. Wote arobaini."

Sikujua akashukuru. Kisha akachota maji, akanawa mikono kwa sabuni, akasukutua kinywa kilichomvua mtu nguo, akatema, akasukutua tena. Kinyaa hakikutoka.