Mashine Moja kwa Rumonge Nzima

Juzi niliona kwenye simu watu wakisukumana mlangoni mwa duka, wakigombania mashine mpya za michezo ya video, kwa kuwa zilikuwa chache. Mwanangu alicheka. Mimi niliizima simu.

Nilikumbuka alasiri moja nilipokuwa mtoto: mji wetu wa Rumonge ulinuka mawese na ndagala zilizoanikwa, wale dagaa wa ziwani. Hatukuwa na muda mrefu tangu turudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na Mama alikuwa ametufundisha: watu wakikimbia, usiulize, mbebe mdogo wako mkajifiche. Ghafla nikasikia miguu mingi barabarani, mayowe, mlango wa bati ukipigwa ngumi. Nikambeba mdogo wangu hadi kwenye michikichi, nikamziba mdomo asilie.

Baadaye sauti ya Mama ikaita, "Mutoto, toka! Hakuna vita. Kule kwenye kibanda cha video wameleta mashine mupya ya jeu, ya kucheza michezo. Iko moja tu, na watoto wote wanaitaka."

Alikuwa anacheka. Lakini mgongoni alikuwa ameshafunga blanketi na sufuria yetu.