Lori Lililofungiwa Funguo Zake

Funguo za akiba za lori la kijiji chetu zilikuwa zikining'inia ndani ya lori hilohilo, kwenye msumari karibu na usukani. Jumapili ile tuliziona sote. Tulikuwa tumetoka ibadani, bado tumevaa nguo nzuri, tukalizunguka lori na kuchungulia kiooni kama wageni waliokuta mlango umefungwa na chakula kinanukia ndani.

Chini ya msumari, kwenye kiti cha abiria, lilikaa sanduku la bati la dada yangu. Vyeti vyake vyote vilikuwa humo, pamoja na barua ya kuitwa chuo cha uuguzi Tanga. Alitakiwa kuripoti Jumatatu kabla ya saa sita mchana, na asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine. Treni ya Tanga ilikuwa inapita Mombo jioni. Basi halikuwa likifika kwetu Jumapili, na kutoka kijijini petu, ng'ambo ya Lukozi, kwenda Mombo kwa miguu ni safari ya siku nzima. Dada alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Pumzi yake ilikuwa inatia ukungu, anaufuta kwa kiganja, unarudi.

Tulikuwa katika miaka ya ujamaa, na lori lilikuwa letu sote. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Dereva wa kwanza alisemwa kwamba alilitumia kubebea mbao za wakweze, basi alipoondoka kamati ikaamua kuwa mtu mmoja asiwe tena na uwezo wa kuliendesha peke yake. Ufunguo wa kuwashia moto akapewa dereva mpya. Ufunguo wa milango akakabidhiwa mwenyekiti. Wasipokutana wawili hao, lori haliendi. Dereva mpya, aliyekuja milimani kuchuma chai akitokea Singida, akajifunzia gari huko shambani, hakulalamika. Alitundika ufunguo wake shingoni kwa kamba ya kiatu. Ili asishukiwe, alivuta hata waya wa honi akaufunga mlangoni kwa namna yake, hivi kwamba mlango ukifunguliwa bila kwanza kuuzungusha ule ufunguo wa mwenyekiti, honi inalia. Tulimpigia makofi.

Zilibaki funguo za akiba. Ziwekwe wapi? Nyumba zetu nyingi zilifungwa kwa kijiti, na ofisi ya kijiji haikuwa na hata kijiti. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba katika kijiji kizima kitu chenye ulinzi wa kweli ni kimoja tu, nacho ni lori. Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwepo mkutanoni, na nakumbuka nilivyovutiwa na akili yake. Kwa sababu hiyohiyo mama aliomba sanduku la dada liwekwe humo mapema, siku ya Ijumaa. Mwenyekiti akafunga milango, akatia ufunguo katika mfuko wa koti, akapata lifti kwenda semina Korogwe. Alisema Jumamosi atakuwa amerudi.

Jumapili mchana hakuwa amerudi. Simu ya karibu ilikuwa posta ya Lushoto, na posta ilikuwa imefungwa.

"Mtu wa Singida," mzee mmoja alimchokoza dereva, "lori lako limekukataa leo?"

"Shikamoo, baba. Si langu, ni lenu. Ndiyo maana halifunguki."

Watu walicheka. Dada hakucheka. "Vunjeni kioo," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi mama aseme tena kwa niaba yake.

Wote wakamgeukia makamu mwenyekiti, ambaye kwaya ilimtegemea kwa sauti nzito na ambaye maisha yake yote hakupenda kuamua jambo. Alishika ukingo wa kofia yake. "Ndugu zangu, kioo ni mali ya umma. Hatuwezi kukivunja hivihivi. Wajumbe tukae."

Wakakaa, palepale kwenye majani mbele ya kanisa, nasi tukasimama tukiwatazama. Jua lilikuwa limetoka kwenye mawingu na kuangaza mabonde, mashamba ya maharage yakimetameta kwa mvua ya asubuhi, na mzigo wa kabichi nyuma ya lori ulianza kutoa ile harufu yake nzito. Sikuwahi kuona kwetu kukiwa kuzuri namna ile, na uzuri huo uliniudhi.

"Mvua ikiingia kwa tundu hilo, itamnyeshea nani?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Si dereva?"

"Basi si neno. Singida hakuna mvua, ndiyo aliyoifuata huku."

"Acheni mzaha," alisema bibi mmoja, mwanamke pekee katika kamati. "Kioo hakijawahi kumzalisha mtu. Huyu binti atatuzalishia wajukuu. Vunjeni!"

"Kweli, mama. Lakini mwenyekiti akirudi akauliza nani aliamua?"

"Aniulize mimi."

"Wewe ni mjumbe tu, mama."

Walizunguka hapo mpaka kivuli cha kanisa kikalifikia lori. Kila aliyesema alianza kwa kumtakia dada heri. Hapakuwa na adui wa kumchukia. Ningempata hata mmoja ningeshukuru. Hatimaye makamu alisimama na kutamka azimio polepole: kivunjwe kioo kidogo cha pembeni, upande wa abiria, na kisivunjwe kingine chochote.

Dereva alifunga jiwe kwa kitambaa akagonga. Kioo kilidondoka kwa sauti nyembamba. Dada mwenyewe, mwenye mkono mwembamba kuliko wetu, aliuingiza akatafuta kitasa. Mlango ukafunguka, na honi ikalia.

Sijui niielezeje sauti ile. Milima yetu imezoea kengele, ng'ombe na watu wanaoitana toka kilima hadi kilima. Honi iliondoka hapo ikapiga kilima cha mbele, ikarudi, ikakutana na nyingine iliyokuwa inatoka, hadi ikawa kama malori kumi yanaomboleza. Watoto wachanga walilia. Dereva aliingia, akazichukua zile funguo za akiba, akazungusha ule wa mlango kama ulivyopaswa kuzungushwa, lakini honi haikunyamaza. Alibonyeza hapa, akapiga ngumi pale.

"Imegandana!" alipiga kelele. "Nikate waya!"

"Kata!" mama alisema.

"Ngoja!" Makamu alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. "Azimio lilikuwa la kioo! Waya hatukuujadili!"

"Baba, betri inakwisha!"

"Basi kata wewe, kama unaona inafaa."

Dereva alikuwa ameshashika kisu. Nilimwona akimtazama makamu, kisha akiwatazama wajumbe mmoja mmoja, halafu akakiweka kisu juu ya kiti, taratibu.

"Mimi sikati," alisema. "Leo mtasema kata. Kesho mtasema dereva kakata. Aliyenitangulia mlimsema nini?"

Wakati huohuo watu wa kijiji cha ng'ambo walianza kutokea bondeni wakikimbia, na ndoo za maji na majembe mikononi, wakidhani pameungua nyumba. Wakasimama nasi, wakihema, wakiuliza moto uko wapi. Wajumbe walikaa tena majanini kuujadili waya, na kwa kuwa hawakusikilizana, kila mmoja alilazimika kurudia alichosema. Dada alikuwa amekaa ngazini pa lori, sanduku miguuni, ameziba masikio. Azimio halijatamkwa, honi ilianza kushuka, ikawa ya ng'ombe mgonjwa, ikawa ya nyuki, ikaisha. Ukimya ulikuwa mbaya zaidi.

Betri haikuwa na chochote tena. Tulilisukuma lori, vijiji viwili pamoja, tukiimba, viatu vya ibada vikizama topeni, na likawaka kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Lukozi. Watu walishangilia. Walitupungia mkono, dada nami niliyetumwa kumsindikiza, kwa furaha ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Kuanzia Soni jua lilikuwa linazama upande wetu, na dereva aliendesha kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiendesha. Mombo tulikuta wauza chai wakikunja meza zao. Treni ilikuwa imepita.

Tuliingia Tanga Jumatatu alasiri, juu ya magunia ya gari la mkaa. Karani wa chuo alikuwa mtu mwema. Alisimama kutupokea, alivisoma vyeti vya dada hadi cha mwisho, akasema kwa huzuni kuwa vilikuwa vizuri. Alituelekeza kwa macho. Ukumbini alikaa msichana mwenye mfuko wa kitambaa mapajani, aliyengoja tangu asubuhi kama kungetokea nafasi. Aliinuka alipomwona dada.

"Shikamoo," alisema, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba," dada alimjibu. "Soma sana."

Tuliporudi kijijini tulimkuta makamu kando ya barabara, akipalilia kabichi. Aliacha jembe akaja mbio, akifuta mikono kwenye suruali.

"Binti yetu, tulikufikisha?"

Dada alimwamkia kwa kupiga goti, kama ilivyo desturi. "Mlinifikisha, baba."

Alituangalia, dada na mimi, akaangalia barabara tuliyotoka, na nikaona uso wake ukielewa kidogo kidogo. Tulimpita tukaenda nyumbani, ambako mama alikuwa uani akichambua maharage. Aliinua macho, akayashusha, kisha akausogeza ungo ili dada naye aufikie.