Nilimchagulia mke wangu nchi ambayo itamfukuza

Admin, jina langu ulifiche, mengine yaweke kama nilivyoyaandika. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mwislamu, nina kiduka cha fotokopi na intaneti hapa Bwera, mpakani na Kongo. Shule niliachia sinia ya pili, yaani kidato cha pili. Mengine nimejifundisha kwa kusoma karatasi za watu zinapopita kwenye mashine yangu: hati za mashamba, majibu ya hospitali, barua za mapenzi. Msishtuke. Mtu wa fotokopi akikwambia huwa hasomi, anakudanganya.

Ndivyo nilivyogeuka mtaalamu wa viza. Vijana walitoka mpaka Kasese mjini kuja kuniuliza: ukimaliza chuo huko nje, nchi gani inakuruhusu kubaki ufanye kazi, na kwa muda gani? Nilibandika karatasi ya manila ukutani, nchi upande huu, miaka upande ule. Mteja wangu mmoja Mkongo alikuwa akiitazama anasema, "Patron, weye iko mukubwa kupita ambassade!" Yaani kupita ubalozi. Mimi mwenyewe safari yangu ya mbali kabisa ni Mbarara, na nilirudi siku ileile.

Mke wangu, nimwite Zaina, ni nesi. Alipata nafasi mbili za kwenda kusoma zaidi, moja Kanada ya miaka miwili, nyingine Uingereza ya mwaka mmoja. Baba yake, mkulima wa kahawa huko Munkunyu, aliuza shamba lake la chini ili mtoto aende. Zaina akaniwekea barua zote mbili juu ya kaunta. "Mzee wangu, wewe ndiye unajua haya mambo. Niende wapi?"

Jibu lilikuwa rahisi. Kanada, ukisoma miaka miwili, wanaweza kukupa kibali cha kazi mpaka miaka mitatu, bila kutafuta mwajiri kwanza. Uingereza nao walikuwa na chao cha miaka miwili, lakini walikuwa wameshakifunga Aprili 2012. Ukimaliza masomo, upate haraka mwajiri wa kukudhamini, ukikosa ni uwanja wa ndege. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma kwa macho yangu, kwenye tovuti ya serikali yao. Manila sikuibadilisha.

Nilipiga hesabu zangu. Kanada, miaka mitano. Mtoto hatuna. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa akikaa miaka mitano kule, atarudi Bwera kufanya nini, kuniangalia nikibadilisha wino? Uingereza ni mwaka mmoja, halafu wanamrudisha wao wenyewe, mimi mikono yangu safi. Nikamwambia, "Nenda Uingereza. Mwaka mmoja unasoma, miwili unafanya kazi. Si unaona pale ukutani?" Akaona. Akanikumbatia mbele ya wateja. Baba yake alisema neno moja tu: "Mukwe, kama ni wewe umesoma hiyo makaratasi, mimi sina swali."

Sasa amebakiza miezi miwili. Mwezi uliopita alinipigia mchana, duka limejaa watu. "Mzee, chuoni wameniambia kile kibali hakipo. Kilifungwa hata kabla sijaja." Mashine ikaendelea kutoa kopi. Basi yeye, yeye jamani, akaanza kunipa pole mimi! "Usijilaumu. Ulisoma kitu cha zamani. Hawa wazungu ni wajanja." Nikajibu, "Kweli, ni wajanja." Hayo ndiyo maneno yaliyotoka mdomoni mwangu.

Ametafuta waajiri wa kumdhamini, wote wamekataa. Juma lililopita akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini. Kuna bwana mmoja raia wa huko, mtu mzima, amekubali kumwoa kwa makaratasi tu. "Hatutalala nyumba moja hata siku moja. Ila kwenye fomu zao mimi ni mke wa mtu. Niandikie talaka. Wewe si unachapa barua za watu kila siku? Nikishatulia tutafunga ndoa tena. Shamba la baba limekwenda, mimi nirudi na nini?"

Nilikwenda kwa shehe, nikajifanya naulizia rafiki. Shehe akajibu, "Mwambie huyo rafiki yako hakuna talaka ya makaratasi tu. Akiiandika na kumpelekea, mke ameachika. Akishaolewa na mwingine, ni wa mwingine. Na wewe, kwako mko salama?" Nikasema tuko salama, al-hamdulillah.

Sasa nikimkatalia, atasema ni wivu, na atakuwa amesema kweli. Nikimwambia kwamba nilijua tangu mwanzo, ataitaka talaka ya kweli, si ya makaratasi. Nikimwandikia, nimempoteza kwa mkono wangu. Jumanne baba mkwe alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye benchi la wateja. "Ile miaka miwili ya kazi inaanza lini? Yule alinunua shamba nimemwambia asikate mikahawa, tutarudi kuinunua." Nikasema, "Karibu tu, mzee." Ndizi zenyewe sijazigusa.

Zaina anataka jibu Ijumaa. Talaka nimeshaichapa, mistari sita, haina kosa hata moja. Barua ya kumwambia ukweli nayo nimeianza, imekwama kwenye "Mke wangu mpenzi". Ndugu zangu, ninyi mnaosoma hapa, nitume ipi? Matusi nitayapokea, nimejitakia. Ila mtu asije akaniandikia kwamba nimwachie Mungu. Mungu hakuwepo kwenye kaunta nilipochagua Uingereza. Nilikuwepo mimi.