Safari Bila Godoro

Tulikuwa tunachaji simu kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Katoyi, hapa Goma. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuchomoa yake, na mwanawe akampigia kwa video kutoka Kanada, alikopokelewa kama mkimbizi. Kijana alikuwa juu ya pikipiki isiyo na magurudumu, inayoteleza kwenye theluji, ikivuta mizigo iliyofungwa kwa kamba.

Mama akaisogeza simu karibu na macho.

"Mwanangu, vita ilifika na kule?"

"Hapana, mama! Tunaenda kupumzika ku nyumba ya wageni, mbali kule ndani ya pori. Siku mbili tu."

"Mutu anaacha nyumba yake, anaenda kupumzika mu pori?"

Kibanda kizima tulicheka. Yeye hakucheka.

"Nionyeshe mizigo."

Kijana akageuza simu: bidoni ya mafuta, chakula, mablanketi.

"Na matela ya kulalia?"

"Niliiacha ku kitanda, mama."

Hapo mabega ya mama yakashuka. Akatugeukia akitabasamu.

"Matela imebaki. Basi ni matembezi ya kweli."

Msimcheke. Hapa Goma hatujui kukimbia vita bila godoro kichwani. Mimi mwenyewe, kamba ya kufungia langu bado iko chini ya kitanda.