Sahani Kumi na Mbili Zilizohamia Mageti

Mtaa wetu huu wa njia ya Bagamoyo una ukimya, bwana, mpaka ukimeza mate jirani anajua umekula nini. Ila jirani mwenyewe hayupo. Karibu wote wanafanya kazi Dar. Alfajiri wanatoka, jogoo wangu anawika wao wako foleni. Wanarudi isha imeshasaliwa. Watoto basi la shule linawazoa na usingizi wao. Mchana tunabaki mie, mke wangu, mbuzi na mageti. Zamani hapa palikuwa shamba letu la mihogo. Tukauza kipande kipande, zikaota nyumba zenye kuta ndefu hata mwezi ukitaka kupita unabisha hodi.

Ramadhani ilipoingia mke wangu akasema jirani ni jirani hata awe na geti la chuma. Akawa anapika futari ya mihogo ya nazi, anapakua, anafunika kawa, mie napeleka. Tena akapakulia kwenye zile sahani zake za kaure zenye maua ya buluu, kumi na mbili, alizoachiwa na bibi yake wa Mkange. Mie mume wa ndoa sijawahi kulamba hata ukoko kwenye sahani zile! Lakini hakutaka watu wa mjini wadhani sisi tunakulia kwenye majani ya mgomba.

Nakabidhi getini kwa dada wa kazi, naondoka. Sahani ikienda, hairudi. Mke wangu akiuliza namwambia, "Futari tamu, bado wanailamba."

Mfungo mosi ukaandama, tukaletewa habari: wazazi wa kijana anayemtaka binti yetu wanatoka Miono kuleta posa, Jumapili, mchana. Mke wangu akafungua kabati. Ndani mna mende mmoja, naye anaaga.

"Mume wangu, sahani zangu ziko wapi?"

"Zimetembea."

"Basi na wewe tembea. Wakwe wakila kwenye bakuli za plastiki, mwanangu atasimangwa mpaka kiama. Nisipoziona, wageni nawapakulia kwenye viganja vyako. Na pilau litakuwa la moto!"

Jumamosi nikaenda geti jeusi. "Hodi!" Akachungulia baba mwenye nyumba, jitu la miraba minne. Kuniona tu akageuka mbio, kandambili moja ikabaki. "Mama nanii! Mzee wa sahani huyo!"

Mkewe akatoka ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mwenzio kanikimbia, nimekuja na sindano?"

"Aibu, mzee. Sahani yenu ipo, nimeiosha mpaka maua yanataka kutoka. Ila mie nimelelewa hapo Dunda, mama alinifundisha sahani ya jirani hairudi tupu. Sasa nafika hapa saa tatu usiku, nimpikie nini mtu aliyepika futari ile? Kila siku nasema Jumapili. Jumapili nafua."

"Na wenzio?"

"Mtaa mzima hivyo hivyo. Kwenye kundi letu la simu, ukitokeza kona tu tunaambizana, mzee wa sahani anapita, fungeni."

Lahaula! Na mie nilidhani wanaringa. Nikamwambia wakwe wanakuja kesho, nipe hivyo hivyo tupu.

"Tupu? Mama atafufuka anizabe kofi!"

Nikarudi mikono mitupu. "Zinakuja," nikamwambia mke wangu.

"Zinakuja kwa miguu gani?"

Jumapili wakwe wamekaa jamvini, pilau linanukia mpaka Msata, sahani hakuna. Mke wangu ananitazama viganja. Mara geti jeusi kriii! Likafuata la kijani. Likafuata la buluu. Mtaa mzima huo unakuja, kila mtu na sahani, na kwa kuwa hawana kawa wamefunika taulo. Kuna keki iliyoungua upande wa kibla. Kuna soseji. Kuna chapati yenye kona nne. Lile jitu la miraba minne limepika tambi lenyewe, ukivuta uzi mmoja sahani nzima inakufuata.

Mama mkwe wa Miono akashika shavu. "Nasi tuliambiwa watu wa mageti hawajuani!"

"Ndiyo kawaida yetu," akasema mke wangu, hata hakupepesa.

Sasa sahani zote zimejaa, pilau halina pa kukaa! Ikabidi wakwe wamalize kwanza soseji na tambi, ndipo zikaoshwa, tukapakua. Posa ikapokelewa, mama mkwe anaomba keki tena.

Majirani wakaaga. Mke wangu akaruka, "Mwende mikono mitupu? Nyumbani kwangu?" Akawajazia pilau, sahani kumi na mbili zikatoka zikiongozana.

Jioni akafungua kabati. Hata mende hayumo. Akanigeukia.

Mie nilishavaa kandambili.